Aliyekalia Kiti cha Nyuma

Springi za kiti cha nyuma zilikuwa zimebonyea, na hakuna mtu aliyekikalia.

Murhula aliliona hilo siku ya kwanza, pikipiki ikiwa bado na vumbi la Ruziba. Ilikuwa ya Kijerumani, ya zamani kweli, ya enzi zile mapadri walipopanda milima kwa magurudumu mawili. Viti vyake vilikuwa viwili vilivyoachana, cha dereva na cha abiria, kila kimoja tandiko dogo la ngozi juu ya springi mbili. Springi za mbele zilisimama wima. Za nyuma zilikuwa zimeshuka mpaka chuma kinagusa chuma, kama vile mama mnene ameketi pale anangoja safari. Murhula akakivuta kiti juu kwa mikono miwili. Kikapanda kidogo, halafu kikarudi chini polepole na kulia kiii, kama mtu anayejiweka vizuri.

Akasema moyoni kwamba springi zimekufa. Akachukua kitambaa, akaendelea kupangusa vumbi.

Karakana yake ilikuwa Buyenzi, mjini Bujumbura, katika ile mitaa iliyochorwa kama kwa rula, ambapo ukisimama mwanzo wa avenue, pale lango lake lilipoitazama, unaona mpaka mwisho wake. Alikuwa ametoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, miaka mingi iliyopita, yeye na mke wake Orpha na binti yao Benite, ambaye sasa ameolewa na kurudi ng'ambo. Kanisani alikuwa shemasi. Kazini watu walimwita Tout-Droit, yaani nyoofu moja kwa moja, kwa sababu hakuna pikipiki iliyotoka mikononi mwake ikivuta upande. Wengine walinyoosha kwa jicho na kwa kubahatisha. Yeye alikuwa na uzi wa nailoni wa wavuvi, alioutoa Kajaga, ufukweni, na kipande cha kioo cha dirisha kilichofungwa ndani ya flaneli, na vitu hivyo viwili hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Alilipenda lile jina. Kwenye maombi aliungama hasira, aliungama uvivu wa kufunga, lakini lile jina hakuwahi kuliweka mbele ya Mungu, maana hakudhani kwamba mtu anaweza kukosa kwa kunyoosha.

Pikipiki aliitafuta kwa ajili ya Orpha. Orpha alikuwa na mguu wa kulia mfupi tangu utoto. Alitembea akizama upande mmoja, na Murhula mwenyewe ndiye aliyemkatia kandambili za mpira wa gari, ya kulia nene kuliko ya kushoto, ili asizame sana. Alikaanga ndagala, dagaa wa ziwani, mbele ya lango la karakana. Wenye taxi-moto, pikipiki za abiria, walimsonya kwa jinsi alivyochelewa kupanda, na mmoja alimshusha njiani akamwambia akatafute punda. Tangu siku hiyo hakutaka tena kwenda Kajaga kwa dada yake. Hii ya Kijerumani ilikuwa fupi, kiti chake kiko chini. Murhula alipoiona kwa mjane mmoja wa Ruziba, imeegeshwa nyuma ya jiko, aliona moyoni pale pale mke wake amekaa nyuma yake, kitambaa cha kichwa kinapepea, na wale wenye kusonya wamebaki nyuma wanakula vumbi.

Mjane huyo aliyemuuzia aliitwa Concilie. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alimsaidia kuisukuma pikipiki mpaka barabarani, halafu akasimama mbele ya taa na kumzuia kupita mpaka amsikilize.

“Uiache vile iko,” akasema. “Haiende sawa, najua. Uizoee. Na kiti ya nyuma usikalishe mutu. Funga mufuko ya muchele, funga kuni. Mutu, apana.”

Murhula akaitikia ego, yaani ndiyo, mama, kwa adabu, jinsi mtu anavyoitikia wazee. Njiani alicheka peke yake. Kati ya watu wote wa Bujumbura, mwanamke huyu anamwambia Tout-Droit aache kitu kimepinda.

Kazi aliianza kesho yake mchana, wakati wa joto, watu wamelala. Aliisimamisha pikipiki kwenye sakafu ya saruji, mbele ikitazama lango, kama alivyozisimamisha zote, ili mwanga wa barabarani umsaidie kuona. Akafunga uzi kwenye gurudumu la nyuma, akauleta mbele pande zote mbili, akauvuta mpaka ukalia. Kwenye pikipiki nzima, gurudumu la mbele hukaa katikati ya nyuzi hizo mbili, nafasi ya kushoto sawa na ya kulia. Hili lilikuwa limekaa nje kabisa. Kushoto lilikaribia kukata uzi. Kulia ungepitisha vidole vitatu.

Moubarak, mchomeleaji wa jirani, ambaye karakana yake na ya Murhula zilitenganishwa na bati tu, alikuja kuazima tupa akasimama. Akainama, akatazama vumbi la pale langoni, mahali pikipiki ilipoingilia.

“Tout-Droit, angalia,” akasema. “Ya mbele ina njia yake, ya nyuma ina yake. Kama mtu na mkewe wamegombana.”

“Kesho watapatana,” Murhula akajibu.

Moubarak akacheka. Lakini alipopita karibu na kile kiti cha nyuma alisimama, akanusa, akauliza nani kamwaga maji. Kulikuwa na harufu ya tope la mtoni, lile la pahali maji yamesimama na kitu kimeoza chini yake. Sakafu ilikuwa kavu.

Murhula akatoa gurudumu la mbele. Ikabaki ile miguu miwili ya chuma inayolishika, ambayo mafundi wanaiita fourche. Akafungua kioo chake kutoka kwenye flaneli, akakilaza juu ya miguu hiyo. Miguu ikiwa sawa, kioo hutulia kimya. Hiki kilicheza, tk, tk, tk. Akaondoa mkono. Kioo kikaendelea kucheza peke yake, tk, tk, tk, kama kucha ya mtu aliyechoka kungoja, na kikanyamaza pale tu alipokishika tena.

Alipoyavua yale mabomba mawili ya fourche na kuyabiringisha juu ya kioo, akaona jambo ambalo lingetosha kumsimamisha. Bomba la kushoto lilikuwa limepinda, lakini si kwa ajali. Chuma kilichogongwa kina kovu, kina mkunjo mmoja wa ghafla. Hiki kilikuwa kimepindwa taratibu, bila mkwaruzo, na mtu aliyejua kazi, aliyepima apinde kiasi gani na aachie wapi. Fundi mwenzake alikuwa amemwachia neno ndani ya chuma, na Murhula alilisoma vizuri tu. Alichosikia moyoni ni dharau kwa aliyekipinda. Akaenda kwa Moubarak, kwenye fremu nzito ya vyuma yenye kriki, ile jeki ya lori, akalisukuma bomba kidogo kidogo, akipima kwa kioo, mpaka mwanga haukupita tena chini yake.

Chuma kilipofika mahali pake, kile kiti, huko upande wa pili wa bati, kililia kiii.

Jioni alifunga uzi tena. Nafasi zilikuwa sawa. Akaisukuma pikipiki mpaka langoni, na kwenye vumbi pakabaki mstari mmoja tu; gurudumu la nyuma lilikanyaga kila pahali la mbele lilipokanyaga. Akamwita Orpha aje aone. Orpha akaja na mwiko wake, uso unang'aa mafuta ya ndagala, akaonyeshwa, akasema kweli ni kazi safi. Halafu akauliza ni nani aliyelowesha kiti chake.

Jumamosi walikwenda Kajaga. Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama juu ya barabara kuu, na hata mbwa walikuwa wamejificha. Nje ya mji Murhula akaachia guidon, yaani usukani, kama alivyofanya kupima kila pikipiki, mikono yote hewani. Ikaenda kama treni kwenye reli. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Mikono ya mkewe ilikuwa imemzunguka tumboni, imemkaza, naye alifurahi, maana Orpha hakuwa mtu wa kumshika mbele ya watu. Mikono ikamkaza zaidi. Ilikuwa ya baridi, na shati lilianza kulowa pale ilipomshika, na alitaka kumtania kwamba aibu yake ameisahau Buyenzi, ndipo Orpha akasema, kwa sauti ndogo kabisa, ya mtu anayeogopa kusikiwa na wa tatu:

“Papa Benite, simamisha. Mi sijakushika. Mikono yangu iko huku nyuma, kwa chuma.”

Murhula akatazama chini. Hapakuwa na mikono. Palikuwa na shati lake jeupe la safari, limebonyea kwa ndani kwa alama za vidole, tano huku na tano huku, na kila alama inatoa maji ya rangi ya tope yanayoteremka mpaka kwenye mkanda, na alipokanyaga breki mguu ulikanyaga lakini pikipiki haikusikia, na alipotaka kugeuza guidon aifuate kona iliyokuwa inakuja, guidon ilikaa kama imechomelewa, na sikioni mwake, si nyuma ya kichwa bali ndani kabisa ya sikio, sauti ya mwanamke ikasema bila haraka yoyote, “Enda tu. Usikate kona.”

Barabara ilikata kona. Wao hawakuikata.

Waliingia shamba la mpunga. Murhula alichubuka viwiko. Pikipiki ilikutwa imesimama wima kwenye tope bila kuegemea kitu, injini inanguruma, springi za nyuma zimeshuka. Orpha alikuwa ameangukia mbali, mbali kuliko mtu anavyoweza kutupwa, kama aliyenyofolewa kwenye kiti akawekwa kando. Hakuvunjika popote. Lakini kiunoni alikuwa na alama nyeusi za vidole, na homa ilimshika pale pale, kabla hawajapata gari la kuwarudisha.

Zahanati walimpima malaria wakakuta hana. Wakampa vidonge vya maumivu. Akalala katika chumba chao, nyuma ya karakana, na kila alasiri, joto lilipozidi na avenue ikanyamaza, Murhula akiwa kazini alisikia ile sauti, kiii, na sasa haikutoka kwenye pikipiki. Ilitoka chumbani. Akiingia anamkuta Orpha amesogea karibu zaidi na ukuta, na upande wa pili wa godoro umebonyea, umelowa, unanuka tope. Akimrudisha katikati, kesho yake anamkuta ukutani tena.

“Anasema nimekalia pahali yake,” Orpha akamwambia, midomo imekauka. “Ananisukuma. Siku ile hatapata tena pa kunisukumia, mi sijui.”

“Nani anasema?”

“We unamujua. We njo mwenye ulimufungulia.”

Murhula alijibu kwa ukali, kitu ambacho baadaye alikijutia. Alisema ni homa inayosema. Alikuwa anamwogopa mke wake mwenyewe, na mtu akiogopa huwa mkali.

Mama Irène, kiongozi wa waombaji wa kanisa lao, alikuja na wamama wenzake, wakaomba mpaka sauti zikakauka. Walipokuwa wanaomba harufu iliondoka. Walipotoka ilirudi. Mlangoni Mama Irène alimshika Murhula mkono akamuuliza, bila wengine kusikia, kama kuna kitu amekishika hataki kukiachia. Shemasi akasema hakuna. Akasema hivyo akijua kwamba kule karakana kuna mstari mmoja kwenye vumbi, na kwamba kila asubuhi huuangalia kwa furaha kabla ya kumwangalia mgonjwa.

Moubarak hakuzungusha maneno. Ni yeye aliyekwenda na gari la rafiki yake kuileta pikipiki kutoka mpungani, na tangu siku hiyo hakutaka kukaa nayo chini ya paa moja bila kusoma aya. Alimwambia Murhula kwamba hilo ni jini, wala halikutoka hewani. Lilikuja na chuma, na aliyemuuzia chuma ndiye wa kumwambia habari zake. Akamwambia aache kiburi, aende Ruziba.

Concilie alikuwa anaanika dagaa. Alimwona akija, akamtazama miguu, akatazama shati, akajua.

“Uliinyoosha,” akasema, kabla ya salamu yoyote.

Hakumkaribisha kukaa. Alimsimulia akiwa amesimama, anageuza dagaa kwa mkono, kama mtu anayemsimulia mwizi jinsi nyumba aliyoivunja ilivyojengwa. Mumewe, marehemu Sylvère, alikuwa muuguzi, akizunguka na ile pikipiki kuchoma sindano. Mchana mmoja kwenye kivuko cha mto alimkuta mwanamke aliyelowa, peke yake, akampakia. Mwanamke akamwambia aende tu, asikate kona. Sylvère alipofika nyumbani akageuka amuulize anashukia wapi, hakuona mtu. Kiti kilikuwa chini. Na hakikupanda tena. Mke wa kwanza wa Sylvère, Christa, ndiye aliyekuwa anakaa kwenye kiti hicho kila Jumapili. Alinyofolewa hapo mbele ya macho ya mumewe, akafa.

“Christa alikuwa dada yangu,” Concilie akasema. “Mi niliolewa kwa kilio yake, nichukue pahali yake.”

Ndipo akapatikana fundi mmoja wa mashua, hapo hapo Ruziba, aliyekuwa na elimu ya hivyo vitu. Akasema huyu anafuata mstari. Magurudumu yakienda njia moja, anamfikia dereva, anafikia nyumba. Basi tuwatenganishe. Akalipinda bomba, na tangu siku ile wa mbele akawa na njia yake na wa nyuma yake. Yule mwanamke hakuondoka. Alibaki kwenye kiti chake, ametulia, hawezi kumgusa mtu, mpaka Sylvère akafa kwa uzee wake kitandani.

Murhula akauliza, kama mtoto, afanye nini.

“Pinda tena. Na muke wako umutoe kwanza. Mi walinipeleka Rumonge. Awe mbali, tena kwa upande, asikuwe mbele ya pikipiki wala nyuma. Na usitake ashuke kwa kiti. Unanisikia? Akibaki kwa kiti, umeshinda.” Akapangusa mikono. “Sasa toka kwa nyumba yangu. Ulifikiri mi ni mujinga.”

Murhula alirudi akakuta Orpha amebanwa ukutani kiasi kwamba shavu lake lilikuwa na alama ya tofali, na anapumua kwa shida, kama anayepokonywa pumzi. Kumpeleka Kajaga, au kumvusha mpaka, angefia njiani. Hapo ndipo alipochagua. Alijiambia kwamba hakuna upande bora kuliko nyumba ya Mungu. Kanisa lao lilikuwa kwenye avenue hiyo hiyo, mwishoni kabisa, na Mama Irène alikuwa huko na waombaji alasiri hiyo. Wanaume wanne wakambeba Orpha juu ya godoro, wakamlaza mbele ya mimbari, na nyimbo zikaanza.

Karakana wakabaki Murhula na Moubarak. Bomba la kushoto likafungwa tena kwenye fremu. Na hapa niseme jambo ambalo mafundi watalielewa: kunyoosha mkono unajua pa kusimama, kwa sababu sawa ni moja, lakini kupinda hakuna mwisho, na mtu ambaye maisha yake yote mikono yake imetafuta sawa, mikono hiyo inakataa. Kila alipopiga kriki, machozi yalimtoka. Chuma kilipoanza kuitika, kile kiti kilianza kulia, kiii, kiii, halafu bila kupumzika, sauti moja ndefu kama ya mnyama aliyekanyagwa, na mpini wa kriki ukaloa tope ukawa unateleza mikononi, na harufu ikajaa mpaka Moubarak, aliyekuwa anasoma bila kukoma, akawa anasoma huku anatapika, na mabati yote ya ukuta yakatetemeka kama vile lori linapita, na katikati ya kelele hizo ile sauti ya kike, ya utulivu, ikasema katika sikio la Murhula kwamba yeye ndiye aliyemwita, yeye mwenyewe, kwa uzi na kwa kioo, na sasa amfukuze kwa nini.

Murhula alirudisha bomba kwenye pikipiki, iliyosimama pale pale pa siku zote, mbele ikitazama lango. Akaingiza gurudumu, akasukuma ekseli, akavuta uzi. Gurudumu lilikaa nje ya mstari, vidole vitatu.

Kelele ikakatika. Na kile kiti, polepole, mbele ya macho yao, kikapanda. Springi zikasimama wima kama mpya. Upepo mmoja wa baridi ukapita kati yao, ukatoka langoni, ukainua vumbi la avenue.

“Alhamdulillahi,” Moubarak akasema, amekaa chini. “Ameshuka.”

Wakakumbatiana, Mwislamu na shemasi, wote wananuka tope.

Walikuwa bado wamekumbatiana pale mayowe ya furaha yalipofika kutoka mwisho wa avenue. Orpha alikuwa ameinuka. Alikuwa ameinuka kutoka kwenye godoro bila kushikwa, homa imekwisha, akatembea kutoka mimbari mpaka mlangoni, na mguu wa kulia ulikanyaga sawa na wa kushoto. Hakuzama. Mwanamke ambaye kila mtu Buyenzi alimjua kwa kuzama kwake alitembea amenyooka kama askari. Watu walilia, walijitupa sakafuni, waliruka. Mama Irène peke yake alibaki amekaa, mkono mdomoni. Sisi wengine tulipiga makofi, na mimi ninayeandika nilikuwamo, nikapiga mpaka viganja vikauma. Wala sisemi kwamba nyumba ya Mungu ilishindwa. Nasema mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na sisi tulikuwa tunaimba bila kuangalia nani anaingia.

Usiku ule mvua ilinyesha, na asubuhi uwanja wa karakana ulikuwa laini, umefutika, hauna alama. Orpha alikuwa ametangulia bombani kuchota maji. Murhula akatoka na mswaki mdomoni, mwepesi kwa furaha, akaona nyayo zake. Zilitoka mlangoni kwenda langoni.

Mtu akitembea, mguu wa kushoto una upande wake na wa kulia upande wake. Nyayo hizi zilikuwa moja mbele ya nyingine, kisigino juu ya mstari wa kidole gumba, zote, bila hata moja kutoka nje. Mkono wa Murhula ulikwenda wenyewe kwenye msumari alikotundika uzi, ukautwaa. Akachomeka mti mlangoni, akauvuta uzi mpaka langoni, akapiga magoti. Ulipita katikati ya kila unyayo. Akainua macho kufuata uzi unapoelekea, akaona avenue, iliyochorwa kama kwa rula, na mwisho wake mlango wa buluu wa kanisa, uko wazi, unamtazama. Akageuka nyuma. Mstari ule ule ulipita pale gurudumu la mbele la pikipiki lilipoelekezwa jana. Na kile kiti kilikuwa juu, kitupu, na alikumbuka Concilie alisema asitake yule wa kitini ashuke.

Orpha alikuwa anarudi na bidoni la maji kichwani. Alirudi akikanyaga ndani ya nyayo zake mwenyewe, kila mguu mahali ulipotoka. Alipomfikia Murhula hakumzunguka. Murhula ndiye aliyesogea.

“Unanipima?” Orpha akamuuliza.

Akashusha bidoni, akavua kandambili ya mguu wa kulia, ile nene, aliyokatiwa kwa mikono ya mumewe, akaiweka kwenye kiganja cha Murhula kwa upole kabisa. Ilikuwa imelowa.

“Hii sihitaji tena.” Akatabasamu. “Sasa utafanya nini, fundi? Utanipinda?”

Murhula akatazama mguu ule wa kulia, ambao kwa miaka yote ya ndoa yao aliupaka mafuta ya mawese kila ulipouma. Kisha akatazama kule kwa Moubarak, fremu na kriki, na Mungu amrehemu, aliitazama kriki kwa muda mrefu. Uzi ukamponyoka mkononi, ukalala kwenye tope.

Langoni walipita wanawake wa kwaya, wanakwenda sokoni. Walipomwona Orpha wakasimama, nyuso bado zimejaa furaha ya jana.

“Mama Benite, Mungu ni mwema.”

“Kila wakati,” akaitikia, kwa sauti ya Orpha, tamu, bila kugeuza kichwa. Alikuwa anamtazama Murhula. Wanawake nao walikuwa wanamtazama, wanamngoja shemasi wao naye aitikie.

Murhula akafungua kinywa, na ladha ya tope ikiwa kwenye ulimi wake, akaitikia pia.